Kuunda tarakilishi ya gemu: tulianzia wapi

Nimekuwa kimya hapa kwa muda, na sikuwa mgonjwa wala safarini. Nilikuwa nikihangaika na vipuri. Mdogo wangu alimaliza kidato cha nne akaja kukaa nami Nairobi, na kila jioni alikuwa akipotelea kwenye kibanda cha PlayStation mtaani, analipa mechi moja moja. Mwezi wa Agosti 2025 tukakubaliana tuunde tarakilishi yetu wenyewe: mchana niandikie programu, usiku yeye acheze. Mimi nilikuwa na shilingi 75,000. Yeye akaleta 20,000, pesa alizopata kwa miezi mitatu ya kubeba kokoto mjengoni. Nawaambia haya mapema kwa sababu ndiyo yaliyofanya mabishano yetu yawe makali. Mtu aliyebeba kokoto huwezi kumnyamazisha kwa kumwonyesha digrii. (Mama alishauri tununue ndama. Tulimwambia tutafikiria.)

Kijana alikuwa na orodha yake tayari: kadi kubwa ya grafiki, kasha la kioo, na feni zenye taa za rangi. Vingine vyote, alisema, "tutaona."

Mimi nikamrudisha kwenye skrini. Ile niliyokuwa nayo ni ya 1920 kwa 1080, yaani vidoti 2,073,600, na inabadilisha picha mara 60 kwa sekunde. Skrini ya 4K ina vidoti 8,294,400, mara nne kamili, na kadi ya grafiki lazima ipake rangi kila kidoti katika kila picha. Kwa hiyo ukinunua kadi iliyotengenezwa kwa 4K ukaifunga kwenye skrini kama yangu, umenunua lori la kubebea mkungu mmoja wa ndizi. Swali si kadi gani ni kali kuliko zote. Swali ni skrini yako inadai nini.

Tukachagua Radeon RX 6600. Ilitoka 2021, ina gigabaiti 8 za kumbukumbu yake yenyewe, na inakula wati 132 tu. Kwa 1080 inatosha kabisa. Tuliipata ya mtumba, na hapo kuna jambo la kuangalia: Ethereum ilipoacha uchimbaji Septemba 2022, kadi nyingi zilizokuwa zikichimba usiku na mchana ziliingia sokoni. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu, lakini feni zake zimezunguka sana. Muuzaji wetu kule Luthuli alipoanza na "boss, hii ni safi," nikamwomba aiwashe gemu nzito kwa nusu saa tukiwa tumesimama pale, nikitazama joto na kusikiliza feni. Alinung'unika, akaiwasha. Asiyekubali kufanya hivyo, nenda duka la pili, hayako mbali.

Prosesa ni Ryzen 5 5600, viini 6, wati 65. Sina mengi ya kusema juu yake. Inafanya kazi yangu ya kukompaili na haimkwamishi kijana.

Najua mtauliza kwa nini hatukununua tu ex-UK tukaichomekea kadi. Kwa kazi za ofisi mimi huzipendekeza kila siku. Shida ni kwamba nyingi zina pawa saplai ya umbo lake pekee, ndogo, isiyo na waya wa kulisha kadi. Utabaki na umeme unaotoka kwenye soketi ya mazabodi, ambao mwisho wake ni wati 75. Ziko kadi zinazoishi hapo, kama aina nyingi za GTX 1650. Ukitaka zaidi ya hapo, umekwama.

Sasa pawa saplai, na hapa ndipo tulipogombana hasa. Kijana alipata moja iliyoandikwa wati 700 kwa bei ya kutupa. Nikamwambia aigeuze asome kibandiko. Prosesa na kadi hula karibu umeme wao wote kupitia laini ya volti 12, kwa hiyo chukua ampea za laini hiyo uzidishe kwa 12. Kibandiko kilisema ampea 20. Hizo ni wati 240, si 700. Tena ilikuwa nyepesi kama mkate wa nusu kilo. Tuliyonunua imeandikwa 550, na laini yake ya 12 inabeba ampea 45, yaani wati 540. Ina alama ya 80 Plus Bronze, ingawa alama hiyo inapima tu ni umeme kiasi gani usiopotea kuwa joto; haisemi kifaa kitajikinga vipi umeme ukiruka.

Na umeme kwetu unaruka. Stima inapotea, inarudi kwa kishindo, inapotea tena kabla hujapata kiberiti. Kwa hiyo zile pesa za kasha la kioo zilikwenda kwenye UPS ya 650 VA. Angalieni, VA si wati. Ya kwetu inatoa wati 360, na inatupa dakika chache tu za kuhifadhi kazi na kuzima taratibu. Kijana alikasirika siku mbili. "Kaka, hiyo kitu haiongezi hata fremu moja." Ni kweli, haiongezi. Lakini ndani ya diski ile mna kazi ya mteja inayolipa kodi ya nyumba, na ndani ya kasha mna kokoto zake za miezi mitatu.

Kwa rami alishinda yeye. Mimi nilitaka kijiti kimoja cha 8 kwanza, cha pili baadaye. Akasisitiza viwili kwa pamoja, kwa sababu prosesa husoma vijiti viwili kwa mkupuo. Kufika mwisho wa mwaka bei ya rami ilikuwa imepaa, viwanda vikikimbilia vituo vya data vya akili bandia, na amenikumbusha hilo mara nyingi.

Kilichobaki ni swali lake kama kadi kubwa zaidi ingeondoa kuchelewa anapocheza na watu wa Johannesburg. Mwanga ndani ya nyuzi hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka hapa hadi kule ni kama kilomita 2,900 kwa mstari ulionyooka, kwenda na kurudi milisekunde 29, kabla hujahesabu ruta hata moja. Hakuna kadi inayofupisha hapo. Tumevuta kebo ya mita sita kutoka kwenye ruta hadi mezani badala ya kutegemea Wi-Fi, na imepita chini ya zulia.