Sura Zilizokosekana

Katika lugha yetu neno sura lina maana mbili: uso wa mtu na mlango wa kitabu. Nimelifikiria mara nyingi tangu nilipoalikwa kutazama maisha ya bendi moja ya Kiholanzi, nyumbani kwa mfugaji mmoja huko Mwese.

Mwese, mpenzi msomaji, ni nyanda za juu zenye baridi, baina ya Mpanda na Ziwa Tanganyika, katika mkoa ambao tangu mwaka 2012 unaitwa Katavi. Ni nchi ya Watongwe na Wabende, na katika miaka ya 1960 ilipokea pia wakimbizi kutoka Rwanda, wakapewa ardhi, wakajenga na kulima. Mwaka 1980 Tanzania iliwapa uraia maelfu ya Wanyarwanda. Mwenyeji wangu alifika huko akiwa mtoto. Kiswahili chake, chenye ufasaha wa kumtia wivu mtu wa visiwani, alikipata katika mikono miwili: shule, na Radio Tanzania Dar es Salaam.

Diski ile aliletewa na mwanawe afanyaye kazi mjini. Ilikusanya picha za bendi ya Focus, iliyoundwa Amsterdam mwaka 1969. Thijs van Leer hupiga kinanda na filimbi, na huimba kwa kuivunja sauti mithili ya wachungaji wa milima ya Alps. Jan Akkerman alikuwa bingwa wao wa gitaa. Wimbo wao mashuhuri, Hocus Pocus, ulitoka mwaka 1971, na mwaka 1973 waliupiga katika televisheni ya Marekani kwa kasi ya kumkatisha msikilizaji pumzi. Akkerman aliondoka mwaka 1976, bendi ikavunjika mwaka 1978, na mwaka 2002 van Leer akaifufua na wenzake wapya. Mtazamaji huyaona maisha ya mtu yakipita mbele yake: vidole, jasho, na nywele zinazogeuka mvi.

Picha zilipokwisha, mzee alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza: "Mwalimu, wewe unayesoma magazeti, niambie. Mbaraka alikuwa akilishikaje gitaa lake?"

Sikuwa na jawabu. Mbaraka Mwinshehe alikwenda Osaka, Japani, pamoja na Morogoro Jazz katika maonyesho ya dunia ya mwaka 1970. Mwaka 1973 aliunda Super Volcano. Mwezi Januari 1979 alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa. Televisheni ilianza kuonekana Tanzania Bara mwaka 1994, miaka kumi na mitano baada ya kaburi lake kufunikwa. Basi huyu mtu wa Mwese, aliyeyahifadhi mashairi ya Mbaraka moyoni kama dua, alivijua vidole vya Mholanzi asiyefahamu hata neno moja la nyimbo zake, wala hakupata kuviona vya yule aliyemfundisha lugha.

Sisi wa visiwani tulijaaliwa kidogo. Televisheni ya Zanzibar ilianza mapema katika miaka ya 1970, na wengi tuliwaona waimbaji wetu wa taarabu kwa macho. Bi Kidude alitengenezewa filamu mwaka 2006, naye yu hai na anaimba. Alipotutoka mwaka 2013 sura yake ilibaki. Lakini Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928 na kufariki mwaka 1950, sisi wajukuu tumemrithi kwa masikio. Ikhwani Safaa ni chama cha tangu mwaka 1905. Ni mikono mingapi iliyopiga udi na kanuni humo ambayo hakuna aliye hai aliyeiona?

Nilimwahidi mzee kwamba nitamtafutia picha ya Mbaraka, walau moja. Nilidhani atafurahi. Akatikisa kichwa.

"Ukiipata, niulize kwanza kabla hujanionyesha."

Akanieleza. Redio ya kwanza nyumbani kwao ilikuwa ya kaka yake, aliyefariki kijana na hakupata kupigwa picha hata siku moja. Jioni kaka huyo alikuwa akiiweka redio magotini na kuchezesha vidole juu yake kana kwamba yeye ndiye mpigaji. Tangu hapo, kila Mbaraka aimbapo, uso unaomjia mzee ni wa kaka yake. Hana mahali pengine pa kumwonea.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami ningali naamini hivyo. Wako wapigaji wazee, Unguja na Pemba, Tabora na Morogoro, ambao leo wangeweza kuketi mbele ya kamera wakatuonyesha namna walivyokishika chombo. Tukichelewa, tutabaki kuulizana kama tulivyoulizana Mwese. Wenye kanda makabatini wazitoe kabla ukungu haujazila. Lakini tuzihifadhi tukijua kwamba mahali palipokosa picha hapakukaa patupu. Watu walipajaza kwa nyuso za wapenzi wao.

Picha ya Mbaraka nimeipata. Imo ndani ya bahasha, mezani kwangu. Barua ya kumwuliza mzee nimeshaituma Mwese, nami nangoja jawabu lake.