Elfu Kumi na Mayai Sita

Hosteli wananiita Mzee wa Rupia. Jina lilianza mwaka wa kwanza, kwa sababu kila nikirudi kutoka likizo Karatu nilikuwa na kimfuko cha sarafu za zamani, na bumu likichelewa mimi sikuwa naomba mtu hela ya kula. Wengi mmenicheka, wengine mmenikopa. Ila sijawahi kueleza dili lenyewe linavyokwenda, na kuna moja limenikaa kooni tangu mwaka jana.

Kazi ni ya miguu. Unapita Rhotia, unapita Oldeani, unashuka Mang'ola kwa wakulima wa vitunguu, unauliza wazee kama wana hela za zamani. Nyingi utakazoonyeshwa ni zile za Mwingereza zenye tundu katikati, ambazo kina mama wa Kimasai wamezitunga na shanga miaka na miaka, au shilingi tano za Nyerere. Unatoa shukrani, unaendelea na safari. Kinachotafutwa ni cha Mjerumani. Kuna heller za shaba, zilizoanza 1904, mia moja kwa rupia moja, na ndizo zilizotuachia neno "hela" tunaloombana nalo kila siku. Kuna heller 20 zilizopigwa Tabora mwaka 1916, vita vikiwa vimewafungia Wajerumani njia ya bahari. Kuna ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, ya Tabora vilevile, ambayo kila tapeli nchi hii anadai anayo kwenye begi. Sijawahi kuishika. Halafu kuna rupia za fedha za ile Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, upande mmoja Kaisari Wilhelm II na kofia yake ya tai, upande wa pili simba na mti. Rupia moja ina gramu 11 na kitu. Rupia mbili, iliyotengenezwa 1893 na 1894 tu, ina gramu 23 na kitu, na ukiiweka kiganjani unajua kabla hujasoma maandishi.

Mwaka jana, likizo ndefu, nilikuwa Rhotia kwa bibi mmoja ambaye shangazi yangu anasali naye. Alikuwa anapepeta maharage. Nilimwamkia, tukaongea habari za mvua na za shangazi, nikamuuliza swali langu la siku zote. Akacheka, akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga. Ndani kulikuwa na vifungo, sindano ya kushonea magunia, shilingi za Nyerere kama sita, na rupia mbili ya 1893.

Nilijilazimisha nisiitazame. Nikachukua kwanza zile za Nyerere, nikazigeuzageuza, nikauliza zilikuwa zinanunua nini enzi hizo. Ukiwa na uzoefu kidogo unajua mkono wako usikimbilie kile unachokitaka. Bibi akaniambia ile kubwa iliachwa na baba mkwe wake, ambaye naye aliipata ujanani, wakati watu walikuwa wanatafuta rupia ili walipe kodi ya Mjerumani. Hiyo moja ilibaki, akasema, Mjerumani akaondoka kabla hajaja kuidai.

Nikampa elfu kumi kwa kopo zima, ukiondoa vifungo na sindano. Akaniangalia muda mrefu. Akasema subiri, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na mayai sita kwenye kikapu kidogo. "Peleka kwa shangazi yako," akasema. Nikafikiri ni ukarimu wa kawaida wa kwetu. Hayo mayai yakumbukeni.

Wiki mbili baadaye, kupitia dereva mmoja wa watalii anayenijua, sarafu ilikwenda kwa mkusanyaji aliyekuwa amelala kwenye loji ya Karatu akisubiri kushuka kreta asubuhi. Dola 450. Kwa bei ya siku ile ilikuwa milioni moja na kidogo. Nikamalizia ada, nikanunua godoro.

Rumeti wangu, mtu wa Tanga, ndiye wa kwanza kunisimanga. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Kwenye hiyo sarafu imeandikwa jina la kampuni gani?" Nikamtajia. Akalala chali akacheka peke yake. Nanyi mmesoma historia ya sekondari, mnajua alichekea nini. Ni kampuni ya Karl Peters, yule aliyepita Usagara mwishoni mwa 1884 akiwawekea machifu karatasi wasizozielewa mbele yao, Mangungo wa Msovero akiwa mmoja wao. Leo mkataba wowote mbovu ukisainiwa, mtu wa kwanza kutajwa ni Mangungo. "Sasa wewe," akasema rumeti, "umekwenda kuichukua hela ya Peters kwa mtindo wa Peters."

Nilijitetea, na sidhani utetezi wangu ulikuwa wa kijinga. Ujuzi nao una gharama. Nimelipia nauli za vijiji ambavyo sikupata hata senti. Nimewahi kuuziwa rupia ya bandia kwa elfu sitini, na aliyeniuzia hakurudi kunipa pole. Mwanasheria mmoja wa chumba cha jirani aliniunga mkono: Sheria yetu ya Mikataba, ambayo imefuata ile ya India ya 1872, haihesabu kunyamaza tu kuwa ni udanganyifu, na mtu akikosea kuhusu thamani ya kitu chake, kosa hilo peke yake halivunji mkataba. Bibi alikuwa mtu mzima, akili timamu, bei tulikubaliana. Biashara ni biashara, wakasema, na mimi nikaitikia kwa sauti kuliko wote.

Rumeti akaleta jambo ambalo sikuwa nimelisikia. Akasema Mtume alikataza watu kutoka mjini kwenda kuupokea msafara njiani na kununua mali kabla wenye mali hawajafika sokoni kuijua bei, na kwamba muuzaji aliyenunuliwa namna hiyo, akifika sokoni, ana hiari ya kuvunja biashara. Mimi ni Mlutheri, lakini hilo lilinichoma, maana ndiyo kazi yangu ilivyo hasa. Natoka mjini, naupokea msafara njiani. Tena wa kwangu haufiki sokoni kamwe. Fikiria madini: mpaka serikali ilipofungua masoko ya madini mwaka 2019, mchimbaji mdogo wengi walimmaliza njiani. Mwaka uliofuata Saniniu Laizer wa Mirerani akauza mawe mawili ya tanzanaiti kwa zaidi ya shilingi bilioni 7, hadharani, yamepimwa mbele yake. Rupia ya Mjerumani haina soko la namna hiyo. Bibi wa Rhotia aende wapi kuuliza bei? Soko lake lilikuwa mimi.

Sasa niseme lile ambalo hosteli sikulisema. Wao niliwasimulia kwamba nilinyamaza. Sikunyamaza. Bibi aliniuliza, akiwa ameishika ile rupia: "Hii si ina kazi, mjukuu wangu?" Na mimi nikamjibu: "Ni chuma tu bibi, nataka ya kumbukumbu." Maneno machache, na ule utetezi wote wa nauli na ujuzi hauyafikii. Hata mwanasheria wa chumba cha jirani, nilipomwambia baadaye, aliguna tu akafunga daftari lake.

Kuna sababu nyingine niliyojipa usiku, na hii bado sijaitupa. Kwetu rupia haziishii kuwa sarafu. Watu wanachimba chini ya miti na chini ya nyumba za kizamani wakitafuta hazina ya Wajerumani. Ndani ya kreta ya Ngorongoro kwenyewe waliishi ndugu wawili, Adolf na Friedrich Siedentopf, wakilima na kufuga humo kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, kwa hiyo hadithi za walichoacha hazikosi masikio. Wapo wanaosadiki rupia ina nguvu za ajabu, inavuta mchele, inazima taa. Kumwambia mjane anayeishi peke yake kwamba kopo lake lina milioni, na asubuhi kisima kizima kijue, si jambo dogo. Wangekuja wenye sururu. Ndiyo, nilikuwa namlinda bibi. Namlinda, na milioni yake iko mfukoni kwangu.

Ilinichukua miezi mitano. Kilichonisukuma hakikuwa hadithi ya msafara wala Peters, ni shangazi. Alinipigia simu kwa habari nyingine kabisa akataja kwamba bibi wa Rhotia ananisalimia sana, na kwamba kila Jumapili anauliza kama kijana wa chuo anapata chakula.

Likizo iliyofuata nilikwenda na laki nne. Kwa nini laki nne? Sijui kuwaeleza vizuri. Nusu ingekuwa laki tano na kidogo, nikatoa nauli, nikatoa cha dereva, nikatoa godoro, halafu nikaona aibu nikarudisha godoro. Hesabu ya mtu anayejihukumu mwenyewe haina mkaguzi. Kama kuna mwanafunzi wa falsafa anayesoma hapa na anajua fungu halali la anayejua ni asilimia ngapi, anitafute, chumba changu kinajulikana.

Bibi alikuwa pale pale, safari hii na mahindi. "Shikamoo bibi." "Marahaba, umekonda." Nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia yote kwa mpangilio: jina la ile sarafu, mwaka wake, bei niliyouza, na kwamba siku ile nilimdanganya. Nikaweka bahasha juu ya ungo.

Hakuigusa. Alinyamaza kidogo, kisha akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Akaniambia kwamba tangu siku ile amekuwa hana raha. Alijua kabisa kile ni chuma, mimi mwenyewe nilimthibitishia, na bado alipokea elfu kumi kutoka kwa mtoto wa shule asiye na kitu. Aliona haya kuirudisha maana alishaitenga ya chumvi na sabuni, ndiyo akaenda kutafuta mayai. Kuku walikuwa wametaga sita tu. Angepata kumi, akasema, angetoa kumi. Na wakati wa toba kanisani alikuwa anaitaja.

Sikuwa na la kusema. Alihesabu zile noti polepole, mara mbili, akizilamba kidole, akazifunga kwenye kona ya khanga. Hakusema ni nyingi wala ni kidogo. Aliniuliza tu kama yule mzungu aliyeinunua anajua ilikuwa ya baba mkwe wake. Nikamwambia hapana, hakuuliza, na mimi sikumwambia. "Ungemwambia," akasema.

Kisha akaingia ndani. Nikasikia kitu kinaburutwa chini ya kitanda. Alitoka na kopo jingine, hili la kahawa, lina kutu, kifuniko kimekaza. Akakifungua kwa kisu, akamwaga vilivyomo kwenye ungo katikati ya mahindi, akavuta kigoda chake karibu na changu.

"Haya," akasema. "Anza na hiki cha kushoto. Shilingi ngapi?"