Subukia: Mzizi Mtamu Katika Bonde la Baridi

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Subukia hubadilisha hewa zaidi ya mara moja. Huuacha unyevu wa pwani, akaikata nyika kavu ya Voi na Mtito Andei, akapanda hadi Nairobi, kisha akateremka Bonde la Ufa kupitia Naivasha na Gilgil mpaka Nakuru. Kutoka hapo barabara ya Nyahururu hupita Bahati na kuingia katika bonde la Subukia, karibu kabisa na mstari wa Ikweta. Anayedhani Ikweta ni joto tu hajalala Subukia. Alfajiri ukungu hufunika mashamba ya mahindi, viazi na kahawa, na maji ya udhu huuma vidole.

Wakenya wengi hulijua bonde hili kwa kituo cha hija cha Wakatoliki kilichoko mlimani. Sisi tulikwenda kuwazuru jamaa, na tuliyorudi nayo ni mazungumzo juu ya dawa ya kikohozi.

Baridi ya huko haikawii kumshika mtu wa pwani kooni. Wenyeji wana tiba yao: gome la mti ambao Wakikuyu huuita muthiga na Wamaasai osokonoi. Hutafunwa kipande kidogo, au huchemshwa na maji yake yakanywewa, na ukali wake hushinda pilipili manga. Wanasayansi wamepata ndani yake viambata vikali, miongoni mwavyo poligodiali, ambavyo katika maabara vimeonyesha nguvu ya kuzuia kuvu. Mvunaji mwenye busara hutoa gome upande mmoja tu wa shina, kwani mti uliochunwa mzunguko mzima hufa.

Sisi nasi tulikuwa na yetu mkobani: urukususi, mzizi ambao Waarabu huuita irk as-sus. Mmea wake asili yake ni nchi za Mediterania hadi Asia ya Kati, na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliutaja katika kitabu chake cha Al-Qanun. Misri na Shamu sharubati yake ni kinywaji mashuhuri cha futari. Hulainisha koo na kutuliza kikohozi.

Mzee mmoja mwenyeji aliuonja, akaupenda, akataka aachiwe wa kunywa kila siku asubuhi na jioni. Mzee huyo anatumia vidonge vya presha. Hapo ndipo ilipotubidi tumweleze upande wa pili wa mzizi huu, na tunaona ni haki wasomaji wetu nao waujue, maana nyumba nyingi za pwani zina mzee wa namna hiyo.

Utamu wa urukususi hutokana na kiambata kiitwacho glisirizini, ambacho ni kitamu takriban mara 50 kuliko sukari. Mwaka 1946 daktari Mholanzi, F. E. Revers, alieleza kwamba dondoo la mzizi huu liliwasaidia wagonjwa wa vidonda vya tumbo. Lakini aliona pia kwamba baadhi yao walivimba uso na miguu. Baadaye Waingereza walitengeneza kutokana na kiambata hicho dawa ya vidonda iitwayo kabenoksoloni, nayo ikaonyesha madhara yaleyale. Japani, glisirizini imetumiwa kwa miaka mingi kama sindano kwa wagonjwa wa homa ya ini ya muda mrefu.

Sababu ya uvimbe huo iko kwenye figo. Mwilini mna homoni iitwayo kotisoli, na figo zina kimeng'enya kinachoizima isizidi mpaka wake. Glisirizini ikishameng'enywa tumboni hukizuia kimeng'enya hicho. Kotisoli basi huziamrisha figo zishike chumvi na maji na kuitoa potasiamu. Shinikizo la damu hupanda, misuli hulegea, na moyo huweza kupiga bila mpangilio. Mtu anayetumia vidonge vya kukojosha maji, au dawa ya moyo iitwayo digoksini, yumo katika hatari kubwa zaidi.

Kiasi nacho kina maana. Wataalamu wa Ulaya walipendekeza mtu asizidishe miligramu 100 za glisirizini kwa siku. Mamlaka ya dawa ya Marekani imeonya kwamba mwenye umri wa miaka 40 au zaidi akila gramu 57 za peremende nyeusi za mzizi huu kila siku kwa wiki mbili, mapigo ya moyo wake yanaweza kuvurugika. Nchini Ufini wajawazito hushauriwa wajiepushe nazo. Na kwa kuwa mizizi haifanani kwa nguvu, hakuna kijiko cha jikoni kinachoweza kuipima glisirizini.

Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha kwamba kila maradhi yana dawa yake. Kuijua dawa ni pamoja na kujua inamfaa nani na kwa kiasi gani. Kijana mzima mwenye kikohozi cha siku mbili hadhuriki na kikombe kimoja. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au wa figo, na mama mjamzito, na wauache. Aliyekwisha kuuzoea amwambie daktari wake waziwazi, kwani daktari hawezi kukisia kilichomo birikani.

Yule mzee tulimwachia tangawizi na asali, naye akaahidi kuuliza kwenye zahanati kabla ya kutumia mzizi wowote. Mwenyezi Mungu atujaalie afya, na atuwafikishe kuihifadhi. Amin.