Neno la Yuda

Julai 2024 Clatous Chama alitoka Simba akaenda Yanga. Sisi wa Lituhi habari ilitukuta ufukweni tukianika usipa, na kabla ya jua kuzama tulikwisha kugawanyika. Wa Yanga tulicheka. Wa Simba tulisema neno moja tu: msaliti.

Jumapili, baada ya misa, ubishi uliendelea nje ya kanisa. Mzee wetu mmoja akatuuliza neno hilo tumelitoa wapi. Yuda alichovya bakuli moja na Bwana wake, kisha akamwuza kwa vipande 30 vya fedha. Chama mkataba wake ulikwisha, akasaini kwingine. Vijana wetu wakienda Songea au Dar es Salaam kutafuta kazi, mbona tunawafungia usipa wa njiani wala hatuwaiti wasaliti? (Wa Simba hatujaridhika mpaka leo. Na wale wachache walioshikamana na Majimaji, iliyoshuka daraja 2018, walituona watoto.)

Baadaye familia moja ya jumuiya yetu ilihamia kanisa jingine, na neno lile likarudi midomoni. Safari hii liliuma, kwa kuwa ubatizo si mkataba, hauna tarehe ya kwisha. Lakini kama hauishi, basi hata waliohama wangali nao, nasi tungali ndugu zao. Bibi yao alipofariki, wengine walisita kwenda. Tuliobaki tulichukua majembe, tukachimba kaburi pamoja na wajukuu wake.