Nyota si Nyota Tu

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Mimi nilidharau swali la mzee, na tende ikaniota moyoni. Wasomaji wapenzi wa jarida letu, hebu tegeni masikio niwasimulie.

Kwetu ni pwani, kaskazini ya Malindi, si mbali na Ngomeni. Kwa kuwa mimi ni mwanafunzi wa kutwa, jioni huketi barazani na babu, baba yake mama. Babu alivua samaki kwa zaidi ya miaka arubaini. Siku hizi nuru ya macho imemtoka, hata sahani ya wali huipapasa. Lakini kila tukishakula chajio ilikuwa lazima aniulize, "Mwanangu, mbingu i vipi leo? Zuhura i wapi? Kilimia kimepanda?"

Usiku wa Jamhuri, tarehe 12 Desemba mwaka jana, aliniuliza kama kawaida. Mimi nilikuwa na haraka ya kwenda kwa jirani kutazama mpira. Bila hata kuinua kichwa nikamjibu, "Ndiyo, babu, Kilimia kile pale, kinang'aa kweli kweli."

"Unaona ngapi?"

"Moja, babu. Kubwa."

Babu alinyamaza kidogo. Kisha akasema kwa upole, "Kilimia si nyota moja, mwanangu. Ni fungu, kama vifaranga waliokumbatiana kwa baridi. Mwenye macho mazuri huhesabu sita, pengine saba."

Nilitokwa na kijasho chembamba, lakini ujuaji haukuniisha. "Lakini babu, si zote ni nyota tu?"

"Na changu, tafi na nguru si samaki tu? Haya, nenda sokoni ukaombe 'samaki tu' uone utakachopewa."

Nikacheka, nikaenda zangu mpirani. Kesho yake usiku babu hakuniuliza kitu. Alimwita mdogo wangu wa gredi ya tano, akamwuliza yeye. Yule mtoto akasimama uani akihesabu kwa kidole, huku mimi nimeketi pale pale kama mgeni. Ikawa hivyo siku ya pili na ya tatu. Ndipo nilipoelewa kwamba babu alikuwa akiniazima macho, nami nilimpa macho ya uongo. Majuto ni mjukuu, na mjukuu mwenyewe alikuwa ni mimi!

Basi nikaanza kuuliza. Mama aliniambia kwamba jina Kilimia limetokana na kulima, kwa sababu wakulima wa zamani walikitazama wapate kujua majira. Mzee mmoja wa msikitini alinitajia Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zuhali na Utaridi. Hizo zote watu huziita nyota, lakini kusema kweli ni sayari. Nyota huwaka yenyewe, ilhali sayari humulikwa na jua kama sisi tulivyo duniani. Kimondo nacho si nyota inayoanguka. Ni kijiwe tu kinachoungua kikiingia katika hewa yetu. Nyota ya mkia ni donge la barafu na vumbi linalolizunguka jua.

Shule zilipofunguliwa Januari, nilimwendea mwalimu wetu wa Fizikia. Alinieleza kwamba hata nyota zenyewe zina aina zake. Jua letu ni nyota ya makamo. Nyota za Kilimia ni changa, zina joto jingi na rangi ya samawati. Katika kundi la Orioni, lile lenye nyota tatu zilizopangana kama vifungo vya shati, kuna moja yenye wekundu iitwayo Betelgeuse. Hiyo ni jitu kuu jekundu, nyota iliyovimba uzeeni. Nyota kama jua ikishamaliza kuni zake husinyaa ikawa kibete cheupe, kinachokaribia ukubwa wa dunia yetu. Zile kubwa zaidi hulipuka, zikaacha nyota ya nyutroni au shimo jeusi.

Kisha mwalimu akaniambia jambo lililoniacha kinywa wazi. Yale majukwaa ya chuma ya San Marco tunayoyaona baharini Ngomeni ndiko ilikorushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka nyotani. Ilikuwa ni tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, na kwa heshima ya siku hiyo Wamarekani wakaiita Uhuru. Neno letu la Kiswahili likapaa angani! Uhuru iliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo. Kimoja, Centaurus X-3, kilimetameta kila baada ya sekunde 4.8 hivi, na wataalamu wakatambua kuwa ni nyota ya nyutroni inayozunguka.

Jioni hiyo nilikaa karibu na babu nikamwomba radhi. Halafu nikamsimulia yote. Nilipofika kwa kibete cheupe akasema, "Hilo ni kaa lililobaki jikoni baada ya kupika." Nilipomtajia Uhuru akacheka. "Mwaka ule nilikuwa kijana mwenye chombo changu. Tulijua Waitaliano wanarusha roketi. Kumbe walikuwa wakizifuata nyota zangu!"

Nikajitia ualimu, "Lakini Zuhura ni sayari, babu, si nyota."

"Haya, na iwe sayari. Mimi niliiita nyota, na haikunipoteza hata siku moja."

Tukanyamaza. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu Jamhuri, akaniuliza, "Kilimia kimefika wapi?"

Nilitoka hadi katikati ya uwanja nikatazama vizuri. Kilikuwa juu sana, kimeelemea kaskazini. Nikahesabu mara mbili.

"Sita, babu. Ya saba sikuiona."

"Sasa wasema kweli," akajibu.

Wenzangu, tukitoka usiku tuinue vichwa, na wazee wakituuliza tuwajibu kwa kweli. Maneno haya wanayo wao, nasi tusipoyapokea yatazikwa nao. Mimi naishia hapa, maana babu ananiita uani.