Chumbageni, kijiwe kinachoijua ndege ya Mchina kwa mkia wake

Tanga wana msemo wao: waja leo, waondoka leo. Mgeni anacheka, anadhani ni utani. Subiri jua lizame, upepo wa bahari uanze kupiga, kahawa ipite na kashata yake, ndipo utajua kwa nini basi lako limekuacha.

Mpenzi msomaji, wiki hii nakupeleka Chumbageni. Usiulize nauli, safari ni ya macho tu.

Chumbageni ni kata ya Jiji la Tanga, hatua chache tu kutoka katikati ya mji. Wengi wanaitaja kwa sababu ya kituo cha polisi, lakini wanaionea. Mtaa umetulia, miti ina umri mkubwa kuliko babu zetu, na baskeli ni nyingi kama utitiri. Ng'ambo ya reli ndiko Ngamiani, kwenye zile barabara za namba ambazo mtu wa Dar akiambiwa "tukutane ya kumi na mbili" anadhani ni saa.

Hiyo reli nayo ina hadithi. Wajerumani walianza kuijenga hapa Tanga mwaka 1893, ya kwanza kwenye nchi hii, ikafika Moshi mwaka 1911. Dar es Salaam wakaanza ya kwao mwaka 1905. Kwa hiyo mtoto wa Tanga akikwambia kwao walisikia mlio wa treni wakati wenzao Dar wanasikiliza mawimbi, usimwite mwenye majivuno. Ana haki yake.

Na masikio yamebaki. Mji wa baskeli una kimya, na kwenye kimya injini haijifichi. Vijana wa Chumbageni wanafumba macho, pikipiki inapita, wanakwambia: hiyo Boxer, hiyo TVS, hiyo SanLG na imechoka. Kile kindege kinachopita juu kuelekea Unguja au Pemba, chenye pangaboi moja puani, watakwambia ni Caravan, na injini yake ni PT6 ya Pratt & Whitney Canada. Si mchezo, jamaa zangu.

Sasa jioni moja kijiwe kikawaka moto. Jamaa mmoja kaja na picha kwenye simu, ndege ya vita ya Kichina, J-20, ile iliyoundwa ili rada isiione kirahisi. Swali likawa moja tu: ndani mna injini ya nani?

"Ya Mrusi hiyo," akasema wa kwanza.

"Acha hizo, kaka. Mchina siku hizi anatengeneza mwenyewe."

Muuza kahawa akatikisa birika lake. "Mchina gani, mwanangu? Simu yake tu haimalizi mwaka, itakuwa injini ya ndege!"

Kijiwe kikaanguka kicheko. Dau likawekwa: atakayeshindwa anawanywesha kahawa wote.

Ugumu wa dau hili ni kwamba picha haina mlio. Masikio yote ya Chumbageni hapo hayana kazi. Na jeshi la China haliandiki ubavuni mwa ndege kwamba humu mna injini fulani. Kwa hiyo wanaofuatilia mambo haya dunia nzima wanafanya kitu kimoja: wanaitazama ndege mkiani.

Ndege hii ina injini mbili, na kila moja ina mdomo wa nyuma unaotema moto. Mdomo huo umeundwa kwa vipande vingi vinavyobana na kuachia kama petali za ua. Hapo ndipo penye siri. J-20 iliruka mara ya kwanza tarehe 11 Januari 2011, na zile za mwanzo kuingia jeshini zilifungwa injini ya Kirusi ya ukoo wa AL-31, ambayo ilizaliwa kwa ajili ya Sukhoi Su-27. Mdomo wake hauna meno. Kuanzia mwaka 2019 hivi zikaanza kuonekana picha zenye mdomo tofauti, vipande vyake vimechongwa ncha kama meno ya msumeno. Hiyo ni WS-10, ya Mchina mwenyewe. Septemba 2021, kwenye maonyesho ya ndege ya Zhuhai, wakairusha hadharani.

Meno hayo si urembo. Ukingo ulionyooka unairudishia rada mwangwi safi. Ukingo wa meno unautawanya mwangwi huku na huko.

Unataka kuyaona meno ya namna hiyo bila kwenda China? Nenda uwanja wa ndege Dar, itazame Boeing 787 ya Air Tanzania. Ukingo wa nyuma wa gamba la injini yake nao una mawimbi ya meno. Ila pale kazi yake ni kupunguza kelele. Boeing 737 MAX nayo anayo, Airbus A220 hana. Haya, umeshakuwa fundi wa kutosha kumtambia shemeji.

Turudi kijiweni. Kwenye ile picha, mtu akaikuza mkiani. Meno yapo! Wa kwanza akatoa hela ya kahawa huku amenuna. Muuza kahawa akapokea kimya kimya, akamimina kimya kimya.

Lakini mjadala haukuishia hapo, na hapa ndipo nilipoipenda Chumbageni. Kijana mmoja, fundi pikipiki mwenye mikono ya oili, akauliza: "Kama waliweza kuchora ndege nzima, kwa nini injini iliwachelewesha miaka yote hiyo?"

Swali zuri kuliko dau lenyewe. Ndani ya injini ya jeti kuna vipanga vidogo vinavyozunguka kwa kasi ya ajabu katikati ya moto. Joto la hewa inayovipiga linapita kiwango cha kuyeyusha chuma chenyewe kilichotumika. Yaani ni sawa na kumwambia mtu akupikie kwa sufuria la barafu, na sufuria lisiyeyuke. Vinaokolewa na madini maalumu yanayokuzwa kama fuwele moja, na vitundu vyembamba vinavyopitisha hewa ya kupooza. Umbo la ndege unaweza kuliona kwenye picha ukaliiga. Hayo mengine hayapigwi picha. Hata Mchina ilimchukua miongo. Injini zake kazipa majina ya milima: WS-10 ni Taihang, WS-15 ni Emei. Hii ya pili inatajwa kuwa na msukumo wa tani 18 hivi, wakati AL-31 ya kawaida ina tani 12 na nusu. Mwaka 2023 zikatoka habari kwamba J-20 imeshajaribiwa nayo.

Mwenye injini ndiye mwenye safari. Sisi tulilionja hilo. Air Tanzania ilipokea A220 yake ya kwanza Desemba 2018, ya kwanza Afrika, nchi nzima ikashangilia. Mwaka 2022 ndege hizo zikaanza kukaa chini, si kwa sababu mbawa zimevunjika, ni injini za Pratt & Whitney zilizohitaji matengenezo nje, na foleni ya dunia nzima ilikuwa mbele yetu. Ndege ni yako, twiga kachorwa mkiani, lakini kuruka unasubiri simu ya mtu mwingine.

Fundi wetu akafikiri, akasema taratibu: "Mimi pikipiki naifungua usiku bila taa na kuifunga. Lakini pistoni sijawahi kuitengeneza hata moja. Zote zinakuja na boksi."

Hakuna aliyecheka. Nikamtazama yule muuza kahawa, hata yeye kasahau utani wake wa simu.

Vijana wenzangu tuliomaliza kidato cha nne tukabaki vijiweni, hilo neno limetuhusu. Masikio tunayo, mikono tunayo. VETA ipo hapo hapo Tanga. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Mabibo, kinafundisha matengenezo ya ndege. Hakuna anayeanza na J-20. Mchina mwenyewe alianza kwa kunakili injini za Kirusi za MiG, nati kwa nati, akachekwa kama tulivyomcheka sisi.

Basi ukifika Tanga, kata kulia au kushoto mpaka uone Chumbageni, kaa kwenye benchi, agiza kahawa chungu na kashata mbili. Wakikuonyesha picha ya ndege, usikimbilie kuweka dau. Ikuze kwanza mkiani, uhesabu meno.

Na basi la kurudi? Ondoa shaka. Lipo la kesho.