Kijibetri Kilichobeba Ushahidi wa Mzee

Haya wasomaji wangu, nimepotea wiki kadhaa. Waliouliza kwa baruapepe kama nimeacha kuandika, hapana, nipo. Nilikuwa na aibu tu. Nimeandika hapa mara nyingi jinsi ya kutengeneza vitu, basi ni haki niandike pia jinsi nilivyoharibu kimoja.

Kuna mzee mmoja jirani wa wazazi wangu kule Nyeri. Alikuwa fundi wa ndege mpaka akastaafu, na raha yake ni kurusha glaida, yaani ndege isiyo na injini. Inavutwa angani kwa kamba na ndege nyingine, kamba inaachiliwa, baada ya hapo ni rubani na upepo. Upepo mkali ukiugonga Mlima Kenya huinuka, ukishapita huendelea kupanda na kushuka kama mawimbi ya bahari. Rubani anayejua kazi yake akilipata wimbi hilo anaweza kupanda juu kuliko kilele chenyewe, ambacho kiko mita 5,199. (Wengine wamezidisha. Mwaka 2018 huko Argentina glaida moja ilipita mita 22,000 kwa mawimbi ya milima ya Andes.)

Mzee alikuwa akiitafuta beji ya dhahabu ya FAI, shirikisho la kimataifa la michezo ya angani. Inataka mambo matatu: safari ya kilomita 300, kukaa hewani saa tano, na kupanda mita 3,000 kutoka pale chini kabisa ulipofika baada ya kuachia kamba. Mawili alikuwa nayo tangu miaka mingi iliyopita. La tatu alilipata Januari, akiwa na miaka 71. Alinipigia simu jioni ile akiongea kama mtoto. "Kijana, niliutazama mlima kwa chini!"

Sasa, FAI hawakubali maneno matupu. Zamani ushahidi ulikuwa barografu, ngoma ndogo inayozungushwa na mtambo wa saa, imevikwa jaladi lililopakwa masizi, na sindano inachora kimo juu yake. Tangu katikati ya miaka ya 1990 kazi hiyo imechukuliwa na kinasa-safari, kijisanduku chenye GPS na kipima shinikizo la hewa. Kila sekunde chache kinaandika mstari kama huu:

B1032140019123S03655480EA0243102455

Nilipouona mara ya kwanza niliupenda papo hapo. Ni maandishi ya kawaida, unaweza kuyafungua hata kwa Notepad. B ni aina ya mstari. Saa ni 10:32:14 ya kimataifa, kwetu ni saa saba na nusu hivi mchana. Kisha nyuzi 0 dakika 19.123 kusini mwa ikweta, nyuzi 36 dakika 55.480 mashariki. A maana yake setilaiti zimeshikwa sawasawa. Mwisho ni kimo mara mbili: mita 2,431 kwa shinikizo la hewa, na 2,455 kwa GPS. (Ukiandika programu ya kusoma faili hizi, usiisahau ile S. Huko Nyeri rubani huvuka ikweta na kurudi mara mbili tatu kabla ya chai. Programu yangu ya kwanza ilimrusha Mzee kilomita 70 kaskazini kwa sekunde nne.)

Utauliza, kama ni maandishi tu, nini kinanizuia kujiongezea mita elfu mbili? Mwishoni mwa faili kuna mistari inayoanza na G, na hiyo ndiyo sahihi ya kidijitali. Kifaa kina ufunguo wake wa siri, na kwa ufunguo huo hutia sahihi faili nzima. Nilichukua faili ya zamani ya Mzee, nikabadilisha tarakimu moja tu, programu ya ukaguzi ikaikataa pale pale.

Ufunguo huo unakaa wapi? Hapo ndipo kijibetri kinaingia.

Kinasa-safari cha Mzee kina betri mbili. Ya kwanza ni ya kuchajiwa, inakiendesha kikiwa hewani kama stima ya ndege ikikatika. Ya pili ni ndogo, ya lithiamu, imelehemewa ndani kwenye ubao, haichajiwi kamwe. Kazi yake ni kulisha chipu ya kumbukumbu mchana na usiku, kifaa kikiwa kimezimwa kabatini. Chipu hiyo hunywa umeme kidogo sana. Piga hesabu: kijibetri cha 220 mAh, kama kile cha CR2032 kwenye ubao mama wa tarakilishi yako, kikinyonywa mikroampea 3 kinadumu saa 73,000 hivi, zaidi ya miaka minane. Watu husahau kabisa kwamba kipo.

Mzee pia alikuwa amesahau. Laptopu yake kuukuu ilikuwa imekufa, kwa hiyo hakuitoa ile faili ya Januari. Akanitumia kinasa-safari kwa matatu. "Nitolee tu hiyo faili, mwanangu. Usiharakishe."

Kilipofika kiliwaka na onyo la betri ya ndani kuwa chini. Nikaunganisha kebo ya siriali kwa adapta ya USB. Kimya. Nikabadilisha kasi ya mawasiliano. Kimya. Msanidi programu mwenye akili timamu angeshuku kebo kwanza, kwa sababu kebo ndiyo mkosaji mara tisa kati ya kumi. Mimi niliona neno betri nikaacha kufikiri. Nikajiambia hii ni sawa na CMOS: betri imechoka, badilisha, washa upya. Nikashuka Luthuli Avenue nikanunua kijibetri.

Jumamosi usiku nikafungua skrubu nne. Moja ilikuwa chini ya kibandiko chenye maandishi madogo, nacho nikakibandua kwa kucha. Kifuniko kilipoinuka nilisikia mlio mdogo, "tk". Ni swichi ndogo kama punje ya mchele iliyokuwa imebanwa na kifuniko. Sikuijali.

Ile "tk" ndiyo ilikata umeme wa ufunguo wa siri. Hivyo ndivyo kifaa kilivyoundwa: ukikifungua, ufunguo unafutika, maana aliyefungua anaweza kuwa anachomeka data ya uongo. Ndiyo sababu ufunguo haukai kwenye kumbukumbu ya kudumu. Unakaa mahali ambapo kukatika umeme kunatosha kuufuta. Mimi nilidhani betri ile ni ya kutunza tu.

Lakini ningeishia hapo, mistari ya B ingalikuwepo, bila sahihi lakini ipo. Nikachukua pasi ya kulehemu, nikatoa betri. Kifaa hiki ni cha zamani, safari nazo zimehifadhiwa kwenye chipu hiyo hiyo. Nilipoweka betri mpya na kuwasha, orodha ya safari ilikuwa tupu, na kioo kikasema usalama umevunjwa.

Kesho yake nilijaribu kebo nyingine. Ilifanya kazi mara moja.

Nilikaa siku mbili kabla ya kumpigia. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu kuhusu chipu na volti. Mzee alisikiliza yote, kisha akauliza kitu kimoja: "Kwa hiyo haipo?" Nikasema, "Haipo, Mzee. Ni mimi niliyeifuta." Akanyamaza. Nikamsikia akiweka kikombe mezani. Kisha akasema, "Basi. Mimi nilikuwa juu kule. Wewe tafuta jinsi kitakavyotengenezwa."

Kinatengenezwa, lakini si na mimi wala fundi wa mtaani. Kilienda Ulaya kwa waliokiunda, wakabadilisha betri, wakaweka ufunguo mpya na kukifunga upya. Wakati huo huo wakapima upya kipima shinikizo, maana hicho nacho kina muda wake wa kuhakikiwa. Gharama nililipa mimi, na ilikuwa karibu mshahara wangu wa mwezi.

Kwa wenye vifaa hivi, na najua wa parashuti za Kerio mnasoma hapa: toeni faili siku ile ile mnayotua, kabla ya soda. Betri ya kuchajiwa ichajini hata msimu usio na upepo. Ile ya lithiamu msiiamini mita ya umeme, volti zake hubaki karibu palepale kwa miaka kisha huporomoka ghafla. Hesabuni umri wake. Andikeni mwaka wa betri nje ya kifaa kwa kalamu, na kikienda kuhakikiwa kimo, ombeni ibadilishwe hata kama bado nzima. Joto huizeesha upesi, msiache kifaa kwenye gari juani. Kikirudi, kiacheni uwanjani kinatazama anga nusu saa, kwa sababu GPS iliyosahau kila kitu inahitaji dakika 12 na nusu kupokea ramani nzima ya setilaiti. Kisha rusheni safari fupi, mkaguwe sahihi, ndipo mfuate beji.

Cha Mzee kilirudi baada ya miezi miwili. Kibandiko kipya, na juu yake ameandika mwaka kwa mkono wake, herufi kubwa. Wiki iliyopita alinitumia faili ya kwanza: dakika 48, kimo cha juu mita 3,940, hakuna wimbi. Sahihi imekubalika. Chini yake ameandika, "Jaribio tu, kijana. Upepo haujafika."